Jumamosi ya Mechi Iowa City: Kwa Wewe Unayefika Agosti

Jumamosi yangu ya kwanza ya mechi nilitoka kwenda maktaba nimevaa jezi ya Simba. Siku hiyo Chuo Kikuu cha Iowa kilikuwa kinacheza futiboli ya Kimarekani na chuo cha Iowa State, watani wao wa jadi, ambao rangi yao ni nyekundu iliyoiva. Mzee mmoja mwenye kofia nyeusi na njano akanisimamisha njiani, akanipa pole kwa kipigo ambacho kilikuwa bado hakijatokea. Nikamweleza Simba ni nani. Akacheka, akanikabidhi soseji.

Nilikuwa na wiki tatu Iowa City, Marekani, na huyo ndiye mtu wa kwanza kunisimamisha tuongee. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta tulikuwa tunaishia kwenye "hai" ya ngazini. Saa mbili baadaye nilimkuta mbele ya jiko la mkaa akaniita kwa mikono miwili kama ndugu aliyepotea. Kwa hiyo hata kama mpira wao huuelewi, siku hiyo usijifungie ndani.

Mechi za nyumbani ni saba hivi kwa msimu, mpaka Novemba. Nyingi huanza saa tano asubuhi, ila watu wanaanza kuchoma nyama alfajiri, giza bado halijaisha. Uwanja wa Kinnick unaingiza watu kama 69,000, na mji mzima una wakazi 75,000 hivi. Piga hesabu mwenyewe ya barabara, vyoo na foleni ya kahawa.

Kama una gari, soma vibao vya maegesho kuanzia Ijumaa. Mimi sikusoma. Nililiacha pale ninapoliacha siku zote, nikarudi jioni nikakuta nafasi tupu. Lilikuwa limevutwa, na pesa niliyolipa kulikomboa ingetosha chakula cha wiki mbili. Mfanyakazi mwenzangu kutoka Bukavu alikuwa ameshanionya: "Kaka, leo kuko mupira, gari uache kwako." Wakongo ni wengi hapa, na Kiswahili utakisikia dukani na kwenye basi. Wasikilize, wanaujua mji. Wenye nyumba karibu na uwanja wao hiyo ndiyo siku yao ya mavuno: bustani ya mbele inageuka maegesho, na watoto wanasimama barabarani na vibao vya bei.

Sherehe ya kabla ya mechi wanaiita teligeti. Watu wanafungua nyuma ya pikapu zao, wanatandaza meza, wanachoma, wanarusha vifuko kwenye ubao wenye tundu. Ukialikwa, nenda. Mara ya kwanza ukienda mikono mitupu hakuna atakayenuna, ila mimi siku hizi nabeba sambusa za nyama ya ng'ombe, na haziwahi kufika saa nne. Iowa inaongoza Marekani nzima kwa ufugaji wa nguruwe, kwa hiyo kama huli, uliza kabla hujapokea sahani. Hakuna anayechukia swali. Na kama hujafikisha miaka 21, pombe usiiguse, hata wenzako wakikuambia hakuna anayeangalia. Wewe una viza.

Mfuko wa kuingia nao uwanjani uwe wa plastiki inayoonyesha vilivyomo, la sivyo utarudishwa getini. Sheria za mchezo zitaingia taratibu: wana majaribio manne ya kusogea yadi 10, wakifanikiwa wanapewa mengine manne. Vinginevyo fuata mayowe. Kwa mtu wa Simba, kazi ngumu kuliko zote ni kukubali kuvaa njano.

Watakupa na hadithi. Nile Kinnick, ambaye uwanja una jina lake, alichukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, mwaka 1939, akafa 1943 akiwa rubani wa jeshi la majini kwenye mafunzo. Chumba cha kubadilishia nguo cha wageni kimepakwa waridi tupu. Kocha wao wa zamani Hayden Fry, aliyesomea saikolojia, aliamini rangi hiyo inalegeza watu. Mimi naona ni uchawi wa kamati ya ufundi uliopata digrii.

Lakini ukikosa vyote, usikose mwisho wa robo ya kwanza ya mchezo. Kando ya uwanja kuna hospitali ya watoto ya chuo, ghorofa 12, na madirisha ya juu yanaangalia moja kwa moja uwanjani. Tangu mwaka 2017, robo ikiisha uwanja wote unageuka kuelekea hospitali na kupunga mikono: mashabiki, wachezaji wa pande zote mbili, hata waamuzi. Mara ya kwanza sikujua kinachoendelea, nikadhani kuna ajali nyuma yangu. Nikafuata vichwa vya watu. Dirishani juu kabisa niliona kitu cheupe kinakwenda huku na huku, nikachukua muda kutambua kuwa ni mkono mdogo wenye bandeji. Jirani yangu, yule wa "hai" ya ngazini, alikuwa anapunga bila kusema neno, machozi yakimtoka, na hakujaribu kuyafuta.

Kwa mechi za Novemba nunua glavu nene mapema. Dakika moja tu ya kupunga mkono kwenye ule upepo, vidole vinakufa ganzi mpaka robo ya tatu.