Sindano Iliyonidanganya: Niliyojifunza Katika Kuishi na Soriasisi

Msusi wangu wa Buruburu, mtaa mmoja wa Nairobi, ndiye aliyeugundua ugonjwa wangu wa ngozi, soriasisi, kabla yangu. Alikuwa amemaliza kunifumua nywele na kuanza kuzichana, mara kitana kikasimama nyuma ya sikio langu la kushoto, naye akaniinamia akaniambia kwa sauti ya chini ili wateja wengine wasisikie, "Dada, hii mba yako si ya kawaida." Mba niliyoizoea hudondoka kama unga, lakini hii ilikuwa imeng'ang'ania ngozi ya kichwa kama gamba la mti, nyeupe yenye mng'ao wa fedha. Alipoinua ukingo wa gamba moja kwa ncha ya kitana, damu ilichomoza katika vitone vidogo kama vya ncha ya sindano. Baadaye sana nilielezwa kwamba vitone vile ni mojawapo ya dalili ambazo madaktari wa ngozi huziangalia. Siku hiyo nilipita dukani, nikanunua shampuu ya mba na kwenda nyumbani.

Nilipoteza miaka miwili namna hiyo, na ninaandika makala haya kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi yumo katika miaka yake miwili.

Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya shule. Kutwa nzima huwa nimeegemeza viwiko juu ya meza, na kwenye viwiko ndiko mabaka ya kwanza ya mwilini yalikotokea, ya mviringo kama sarafu ya shilingi ishirini, yakapanuka hadi yakaungana. Vipande vyeupe vya ngozi vilidondokea miswada, nami nikawa navipangusa haraka kabla mwenzangu wa meza ya pili hajainua macho. Muuza dawa mmoja aliniambia ni choa, akaniuzia vidonge vya kuua kuvu. Mwingine alisema ni ukurutu. Siwalaumu sana, kwa sababu kwenye ngozi yetu nyeusi ule wekundu unaoonyeshwa katika picha nyingi za ugonjwa huu hauonekani vizuri; mabaka yangu yalikuwa ya zambarau iliyokolea, mengine ya kijivu, na mtu asiyefundishwa kuyatambua huyapita kwa urahisi. Ninachokilaumu ni ule uamuzi wangu wa kununua dawa mara tano kabla ya kumwona daktari hata mara moja.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la sindano. Katika zahanati moja ya katikati ya jiji nilidungwa sindano bila kuelezwa ilikuwa na nini ndani yake. Baada ya siku tano ngozi yangu ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga, nikampigia mama simu kumwambia kwamba nimepona. Mabaka yaliporudi nilikwenda kudungwa ya pili, kisha ya tatu. Wiki chache baada ya ile ya tatu niliamka usiku nikitetemeka kwa baridi na homa, mgongo na mapaja yakiwaka moto, na juu ya wekundu ambao safari hii ulionekana waziwazi vilikuwa vimejaa vipele vidogo vya usaha. Nililazwa. Daktari wa ngozi aliyekuja kunitazama wodini aliniuliza swali moja kwanza: "Mama, kuna mtu alikudunga sindano ya ngozi hivi karibuni?"

Alinieleza kwamba, kwa kila dalili, sindano zile zilikuwa za steroidi, dawa yenye nguvu ya kutuliza uvimbe na kinga ya mwili. Steroidi inayoingia mwilini kwa sindano au vidonge huuzima ugonjwa huu kwa kasi, lakini inapokwisha mwilini ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu kuliko awali, pengine kwa sura hiyo ya usaha ambayo huhatarisha maisha. Ndiyo maana ninamsihi kila anayenisoma kwamba, ukiahidiwa dawa ya kukuondolea mabaka kwa siku tatu, iwe sindano, kidonge au krimu isiyo na maandishi kwenye kopo, uliza jina la kilichomo ndani yake, na usipojibiwa uondoke.

Wodini ndipo nilipoelezwa kwa mara ya kwanza ugonjwa wangu ni nini. Ngozi ya kawaida hujibadilisha kwa muda wa karibu mwezi mmoja: seli huzaliwa chini, hupanda polepole, hufa na kupukutika bila wewe kuona. Kwa mwenye soriasisi kinga ya mwili huwa imechochewa na kuituma ngozi kazi isiyohitajika, na safari ile ya mwezi humalizika kwa siku chache tu, kwa hiyo seli changa hurundikana juu ya nyingine na kuwa magamba. Urithi wa kifamilia huchangia, na huwapo vichochezi pia: maambukizi ya koo, msongo wa mawazo, pombe, sigara, na hata baadhi ya dawa, zikiwemo litiamu inayotibu magonjwa ya akili na baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Hata ngozi kuumizwa kunatosha. Mkwaruzo, kushonwa au msuguano wa kila siku unaweza kuzaa baka jipya mahali palepale, na hapo nikaelewa habari ya viwiko vyangu na meza ya kazi. Siku hizi huweka kitambaa kinene chini ya mikono.

Hauambukizi. Hauambukizi kwa kushikana mikono, kwa kitana, kwa kikombe wala kwa kitanda. Shangazi yangu mmoja alikuwa ameanza kunitengea kikombe changu kila nilipomtembelea, na sikuwa na maneno ya kumwambia. Nilichomwonyesha mwishowe ni kwamba mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio linaloutaja huu kuwa ugonjwa sugu, usioambukiza, unaoumiza na kuumbua, ambao bado hauna dawa ya kuuponya. Aliposoma neno "usioambukiza" alinyamaza, na kile kikombe sijakiona tena.

Neno la mwisho katika azimio hilo lilinichukua muda kulikubali. Hauponi, lakini hutulizwa, na kati ya maneno hayo mawili kuna maisha mazima. Ukishakubali, unaacha kumtafuta mponyaji na kuanza kumtafuta daktari mmoja ambaye mtatembea pamoja kwa miaka. Wengi wa madaktari wa ngozi wa nchi hii wako hapa Nairobi, kwa hiyo sisi wakazi wa jiji tuna bahati ambayo ndugu zetu wa kaunti za mbali hawana, ingawa foleni ni ndefu na gharama si ndogo. Ukienda katika hospitali ya rufaa beba barua ya rufaa, na uulize mapema bima yako italipia nini na haitalipia nini. Beba pia picha za mabaka ulizopiga kwa simu yalipokuwa yamechachamaa, kwa maana siku ya miadi ngozi inaweza kuwa imetulia, na orodha ya kila dawa uliyotumia, pamoja na zile za mitishamba na zile unazoona aibu kuzitaja.

Daktari wangu alikata kipande kidogo sana cha ngozi kwa uchunguzi, baada ya ganzi, kisha akaniomba nipimwe VVU. Nilikasirika, nikidhani amenihukumu. Alivumilia hasira yangu, akaeleza kwamba virusi hivyo vinaweza kuuanzisha au kuuzidisha ugonjwa huu, na kwamba hawezi kuchagua dawa salama bila kujua. Ombi hilo ni dalili ya daktari makini, wala usilikimbie.

Matibabu yalianza na mambo madogo. Kuoga maji ya uvuguvugu, si ya moto, hata katika baridi ya Julai ambapo kila mkazi wa Nairobi hutamani maji yanayofuka mvuke. Kisha kujipaka marhamu nzito isiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu. Magamba ya kichwani hulainishwa kwa asidi ya salisiliki iliyochanganywa na mafuta, au kwa shampuu yenye lami ya makaa ya mawe, kwa sababu dawa haipenyi gamba. Kwenye mabaka hupakwa krimu ya steroidi, mara nyingi pamoja na dawa ya jamii ya vitamini D iitwayo kalsipotrioli. Steroidi ya kupaka si adui ikipimwa: kiasi kinachotoka kwenye tyubu kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye pingili ya kwanza kinatosha eneo la viganja viwili. Zile kali kama klobetasoli hazipakwi usoni wala kwenye mikunjo ya ngozi bila agizo, na hazitumiwi wiki baada ya wiki bila kusimamiwa, maana huikondesha ngozi. Wapo wanaozinunua kujichubua, au kuondoa madoa meusi yanayobaki baka linapokauka. Madoa hayo si ugonjwa, hufifia yenyewe kwa miezi, na nakuomba uyaache.

Krimu hazikunitosha. Nilielezwa kuhusu tiba ya mwanga, ambapo mgonjwa husimama katika chumba chenye taa maalumu mara mbili au tatu kwa wiki, lakini kwa saa zangu za kazi na nauli za kwenda na kurudi haikuwezekana. Ndipo tukafika kwenye methotreksati, dawa ya kumeza inayotuliza kinga ya mwili, na hapa ninaomba usome polepole. Methotreksati ya soriasisi humezwa mara moja kwa wiki. Si kila siku. Kuimeza kila siku kwa makosa kumeua watu. Mimi nimeiwekea Ijumaa jioni, nimeandika neno IJUMAA kwa wino mwekundu juu ya kisanduku chake, na siku nyingine ambayo daktari alinipangia humeza asidi ya foliki, vitamini ya kupunguza madhara yake. Kabla ya kuanza nilipimwa damu, ini, figo, homa ya ini na ujauzito, na kifua kikaangaliwa. Tangu hapo hurudia vipimo vya damu kwa ratiba ninayopewa. Haifai kabisa kwa mjamzito, na mwanamke anayetaka kupata mtoto anapaswa kuzungumza na daktari miezi kadhaa kabla. Pombe na dawa hii huliumiza ini kwa pamoja. Halafu kuna kotrimoksazoli, dawa ya kuua bakteria, ambayo wengi tunaijua kama Septrin na tunaipata dukani kwa urahisi: ikichanganywa na methotreksati inaweza kuuharibu uboho unaotengeneza damu. Mwambie kila mhudumu wa afya, hata wa kukutibu kikohozi tu, kwamba unameza methotreksati.

Zipo pia dawa mpya za sindano zinazolenga sehemu mahususi ya kinga ya mwili, na huwasaidia sana watu wengine, lakini bei yake iko juu na kabla ya kuzianza ni lazima kifua kikuu kichunguzwe. Sijazitumia.

Jambo ambalo karibu nilikose ni viungo. Mwaka jana asubuhi nilianza kushindwa kukamua nguo; vidole vilikuwa vimekakamaa kwa karibu saa nzima, kidole kimoja kimevimba chote kama soseji, na kucha zangu zilikuwa na vishimo kama vya kastabini ya kushonea. Nilidhani ni uchovu wa kuchapa. Daktari alitazama kucha kabla ya kuuliza lolote, akasema ugonjwa umeingia kwenye viungo, jambo linaloweza kuwapata hata watatu kati ya kila kumi wenye soriasisi, na ambalo likicheleweshwa huacha viungo vimepinda bila kurudi. Kwa hiyo tafadhali usimwonyeshe daktari wa ngozi ngozi peke yake. Mwambie pia habari za vidole, visigino na mgongo, na za moyoni, kwa maana huzuni huandamana na ugonjwa huu na hutibika. Mwache akupime shinikizo la damu na sukari pia.

Kwa msusi wangu bado ninakwenda. Hanisuki kwa kukaza tena, hanitii dawa ya kulainisha nywele, na huacha mistari mipana katikati ya matuta ili ncha ya chupa ya dawa ifike kwenye ngozi. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe akiniuliza jina la daktari wangu, kwa sababu kijana mmoja aliyeketi kwenye kiti chake alikuwa na gamba nyuma ya sikio.