Anza Git kwenye kompyuta yako, GitHub itasubiri

Vijana wengi wanaoniomba niwaelekeze Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili, hapa Mwanza huwa tayari wamefungua akaunti ya GitHub, tovuti ya kuhifadhi kazi za Git mtandaoni, nami huwashauri waiweke kando kwanza. Git, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kernel, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Linux, hufanya karibu kazi zake zote ndani ya kompyuta yako: historia nzima hukaa kwenye folda iliyofichwa iitwayo .git, kwa hiyo bando likikuishia ukiwa Nyegezi au Igoma, utaendelea kuhifadhi, kulinganisha na kurudi nyuma kama kawaida.

Tumia kazi unayoihitaji kweli. Mimi nilijifunzia kwenye programu ndogo ya kuandika uzito wa sangara na dagaa wanaofika Mwaloni, Kirumba. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri (kwenye Windows, Git huja na yake iitwayo Git Bash), ingia kwenye folda ya kazi, kisha andika git init ili Git ianze kutunza historia ya folda hiyo. Jina na barua pepe yako huwekwa mara moja tu kwa git config --global. Baada ya hapo, kila unapohisi umepotea, andika git status, kwani hukuonyesha faili zilizobadilika na mara nyingi hukudokezea amri inayofuata.

Kinachowachanganya wengi ni kwa nini kuhifadhi kunahitaji amri mbili. git add huchagua mabadiliko yatakayoingia, na git commit huyafunga pamoja na maelezo yake kuwa kifurushi kimoja kiitwacho komiti, kama samaki wanavyopangwa kwenye tenga kabla halijafungwa. Tuseme jioni moja umerekebisha hesabu ya kilo na pia umebadilisha rangi ya vitufe. Andika git add hesabu.py, halafu git commit -m "Zuia tenga moja kuhesabiwa mara mbili". Rangi ziingie kwenye komiti yake peke yake. Siku hesabu zikigoma, git log --oneline, inayoorodhesha komiti kwa ufupi, itakupeleka moja kwa moja mahali penyewe, jambo ambalo ujumbe wa komiti usemao "mabadiliko" hauwezi kulifanya.

Faili lenye nywila liandike kwenye .gitignore, orodha ya faili ambazo Git itazipuuza, kabla ya komiti ya kwanza, kwa sababu kulifuta baadaye hakuliondoi kwenye historia. Matawi, yaani njia sambamba za kuendeleza kazi moja, kwa maoni yangu hufundishwa mapema mno. Yaache kwa sasa.

Ukihitaji kushirikiana na mwenzako aliyeko Nansio, kisiwani Ukerewe, flashi inatosha. Tengeneza humo hazina tupu, yaani ghala la historia lisilo na faili za kufanyia kazi, kwa git init --bare kazi.git, iunganishe na folda yako kwa git remote add flashi ukitaja njia ya kuifikia, kisha andika git push flashi HEAD. Flashi ikivuka na kivuko, mwenzako ataandika git clone na kupata historia yote, si toleo la mwisho pekee. Kwenye Windows, Git inaweza kukataa kwa madai kwamba haimtambui mmiliki wa folda, kwa kuwa flashi nyingi hutumia mifumo ya faili ya FAT32 au exFAT ambayo haihifadhi taarifa hiyo. Nakili amri ya safe.directory iliyomo kwenye ujumbe huo, iendeshe, kisha rudia.