Mwanangu, Kiswahili chako hakina kosa

Mwanangu,

Baada ya salamu, sisi huku Tanga wazima. Picha za ripoti yako ya kilimo nimezipata kwenye simu, pamoja na ule wino mwekundu wa mwalimu wako, "Poor English", bila neno jingine. Unaniuliza kama ni kweli wanavyosema wenzako wa bwenini, kwamba ukitaka kuandika Kiingereza kizuri lazima uache kabisa kuwaza kwa Kiswahili.

Si kweli. Unajua mama yako alipiga chapa mahakama ya wilaya miaka 26. Enzi hizo, kabla sheria haijabadilishwa mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, shahidi alisema kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza papo hapo, jioni mimi nachapa. Hakimu hakuwa na nafasi ya kuacha kuwaza kwa Kiswahili. Kazi yake ilikuwa kujua ni wapi hasa lugha hizi mbili zinaachana njia.

Siku moja kijana mmoja alieleza alivyopigwa rungu la mkono. Hakimu akaandika "hand", ambayo kwa Waingereza ni kiganja na vidole tu. Fomu ya polisi, ile PF3, daktari alikuwa ameandika "upper arm". Wakili wa mshtakiwa akasimama, akasema shahidi ni mwongo, jeraha limehama. Yule kijana hakuelewa anashutumiwa nini. Ikabidi apandishe shati, kovu likaonekana juu kabisa, karibu na bega. Kwetu sisi kuanzia begani hadi vidoleni ni mkono, hata kipande cha shati kinachofunika hapo ni mkono. Shahidi hakukosea, na Kiswahili chake hakikukosea. Aliyeandika ndiye hakusimama kuuliza, "Mkono wapi?"

Sasa tuje kwako. Umeandika hivi: "The farmers which we visited them in Muheza, although they have many land but they are not using fertilizer."

Mimi nikiisoma hiyo nasikia sauti yako kabisa: wakulima tuliowatembelea Muheza, ingawa wana ardhi nyingi lakini hawatumii mbolea. Kiswahili safi. Lile "them" lako limetoka kwenye -wa- ya "tuliowatembelea". Sisi mtendwa tunamtaja tena ndani ya kitenzi, Waingereza wakishamtaja mwanzoni wanamwacha. "Ingawa" na "lakini" kwetu huongozana bila ugomvi. Kwao ukileta mmoja, mwingine anabaki nyumbani. Na ile -na- yetu ya "wanatumia", pamoja na kukanusha kwake, "hawatumii", inabeba anachofanya mtu sasa hivi na anachofanya siku zote, ndiyo maana umeandika "are not using" kana kwamba ulisimama shambani ukawaona wakiacha kuweka mbolea. "Which" ya watu na "many" ya ardhi ni za kukariri tu, sina hekima juu yake.

Jaribu: "The farmers we visited in Muheza have plenty of land but do not use fertilizer." Maneno 19 yamekuwa 15, na hakuna kilichopotea.

Hilo la "a" na "the" ndilo linalowatesa wengi, na nadhani mnafundishwa vibaya, mnaambiwa Kiswahili hakina kitu kama hicho. Sikiliza tofauti ya "nimeona kitabu" na "nimekiona kitabu". Cha kwanza ni kitabu chochote, cha pili ni kile tunachokijua mimi na wewe. Ile -ki- inafanya kazi inayofanana sana na ya "the". Haiendi hivyo kila mara, kwa watu hasa tunaiweka hata pasipo sababu hiyo, lakini ukikwama jiulize kwa Kiswahili: msomaji wangu anakijua kitu hiki tayari? Utapatia mara nyingi kuliko kubahatisha.

Lakini mwanangu, nikuambie jambo ambalo mwalimu wako hakuliandika. Aya yako ya tatu, inayoanza na "utilization of inputs", nimeisoma mara nne. Nikajaribu kuirudisha kwenye Kiswahili, haikurudi. Hapo kilichokosekana si Kiingereza. Ulikuwa hujaamua unataka kusema nini, ukafunika kwa maneno marefu. Kabla hujaiandika upya, mweleze mwenzako asiyesoma kilimo, kwa Kiswahili, sentensi mbili tu: mbolea hawatumii kwa nini? Ni bei, ni umbali wa duka, au wanaona michungwa inazaa tu bila hiyo? Akishakuelewa, ndipo kaa uandike.

Mimi Kiingereza changu cha shule kiliishia kidato cha nne, nacho kilikuwa cha kukaririshwa. Kilichonifundisha ni kuchapa hukumu. Kulikuwa na hakimu mmoja sentensi zake fupi kama amri, na nilipochapa za kwake vidole vilijua zinakoelekea kabla ya macho. Wewe huna haja ya mashine ya chapa. Chukua aya moja iliyoandikwa vizuri kwenye somo lako, inakili kwa mkono, ifunike, iandike tena kwa kichwa, kisha linganisha. Zile sehemu ulizokosea ndizo mlango ambao Kiswahili chako hupitia. Ziandike kwenye daftari, hazitazidi kumi.

Kuhusu ile programu ya simu inayonyoosha sentensi, itumie baada ya kumaliza, na uangalie imebadilisha nini na kwa nini. Ukiipa kazi yote, chumba cha mtihani utaingia na kalamu peke yake.

Ukurasa wako wa kwanza nimeuchapisha hapo stendi kwa mwenye mashine, nimeutia alama kwa penseli, nitakutumia picha kesho. Baba yako ameuchukua anausoma barazani. Kiingereza anakiruka, anatafuta majina ya vijiji, anasema hao wakulima wako wawili anawajua na mbolea wanatumia, ila wamekuficha. Nitumie na hiyo aya ya tatu ukishaiandika.

Mama yako.