Land Rover 109 inalia ukikanyaga klachi: grisi iende wapi

Mkuu, umesema 109 yako ya Series III inapiga mluzi ukikanyaga klachi, na fundi wako wa Arusha anataka kushusha giaboksi "aipige grisi yote". Mzuie kwanza. Ninayo ya namna hiyo hapa Moshi, kazi yake ni kupanda Kibosho na kushusha ndizi. Klachi kavu unaweza kuivumilia. Iliyolowa grisi haipandi mlima.

Anza kwa kusikiliza. Injini ikiunguruma taratibu, gusa pedali kidogo tu. Ikilia hapo hapo, ni rilizi beringi, ile inayosukuma klachi ukikanyaga pedali. Ikilia pale pedali iko chini kabisa, gia imeingia na gari limesimama, shuku ile bushi ndogo ya shaba mwisho wa krenkishafti, inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi.

Rilizi beringi imefungwa kiwandani na grisi yake ndani, haiongezwi kitu. Na asiioshe! Mafundi wetu wanapenda kuogesha kila spea kwenye karai la petroli. Inapenya, inayeyusha grisi, beringi inarudi inang'aa lakini imeshakufa. Ikikwaruza ukiizungusha kwa vidole, nunua nyingine.

Bushi mpya ndiyo inayotaka oili. Ina vitundu visivyoonekana kwa macho, inafyonza. Iloweke kwenye oili ya injini usiku kucha. Ukiwa na haraka, ziba tundu la chini kwa kidole gumba, jaza oili, kisha bana juu kwa gumba la pili kwa nguvu zote: utaona oili ikichomoza ubavuni mwa bushi kama jasho. Hapo ifunge. Grisi humo usiweke, inaziba vitundu.

Grisi mahali pake ni meno ya shafti yanapopita kwenye klachi pleti (ile sahani ya msuguano), na pale uma unaoisukuma beringi unapoigusa. Safisha meno kwa brashi ya waya, paka utando mwembamba wa grisi nyeusi ya molibdenamu, telezesha pleti mbele na nyuma, itoe, ufute yote iliyosukumwa pembeni. Ukiiacha, mzunguko utairusha kwenye uso wa pleti, na gari litatetemeka likiondoka au kuteleza mlimani.

Masta, yaani pampu za oili za klachi, ya juu kwenye pedali na ya chini kwenye giaboksi, ni habari nyingine. Mipira yake inataka oili ya breki tu. Oili ya injini au grisi ya kawaida inaivimbisha, pedali inagoma kurudi. Oili ya breki yenyewe inakula rangi, kwa hiyo weka kitambaa.

Sasa tuambie inalia wakati gani hasa, maana kutoa giaboksi ya Series III ni kung'oa sakafu pamoja na boksi la viti, na boliti zake za siku nyingi hukatika.