Stata iliyokufa haifufuliwi na bisibisi

Swali: Ndugu fundi, nina trekta Massey Ferguson 135 ya miaka ya 1970, huku Nachingwea. Inalima, inavuta tela la korosho na wakati wa kupuliza salfa, ule unga wa kukinga mikorosho na ukungu, inaingia shambani na bloa. Nikizungusha ufunguo inatoa "tik" hafifu, siku nyingine kimya kabisa. Betri ni mpya. Fundi akigusisha bisibisi kwenye stata, inawaka hapo hapo. Anasema stata imekufa, na hii ni ya pili ndani ya misimu miwili. Ninunue ya aina gani safari hii? Na je, kijana wangu aendelee kuiwasha kwa bisibisi mpaka korosho ziuzwe?

Jibu: Ndugu yangu, usinunue stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake. Jibu umeliandika mwenyewe: "inawaka hapo hapo".

Bisibisi ile inaunganisha nati kubwa inayopokea waya mnene wa betri na kile kituo kidogo cha solenoidi, yaani swichi ya sumaku iliyo juu ya stata. Injini ikizunguka na kuwaka, basi waya mnene unapitisha umeme, solenoidi inavuta, makaboni yanayopeleka umeme ndani ya mota yanagusa, na pinioni, ile gia ndogo ya stata, inaingia kwenye meno ya flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini. Vyote hivyo ni stata, na vyote vinafanya kazi. Kinachokosekana ni umeme wa kufika kwenye kile kituo kidogo. Umeme huo unatoka kwenye swichi ya ufunguo, unapita kwenye swichi ya usalama iliyo kwenye giaboksi, inayozuia stata kuzunguka trekta ikiwa kwenye gia, ndipo unashuka kwenye stata. Hilo kosa nakutana nalo kila wiki na linaniudhi kuliko yote: fundi anashika ushahidi mkononi kwamba stata ni nzima, halafu anamwambia mwenye trekta akanunue nyingine. Ya kwanza uliyoitoa huenda nayo ilikuwa nzima. Kama hujaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, itunze.

Solenoidi inapoanza kuvuta inakula umeme mwingi, ampea 30 hadi 50. Sasa tazama waya wake ulio na umri wa trekta yenyewe, na viunganishi vilivyokaa kwenye vumbi la salfa msimu hadi msimu. Salfa huigeuza shaba kuwa nyeusi, na unyevu ukiingia inazidi kuila. Kiunganishi chenye upinzani wa omu 0.1 tu, zikipita ampea 40, kinameza volti 4. Betri ina 12.6, solenoidi inapata 8 na kitu. Ndiyo hiyo "tik" hafifu. Taa ya dashibodi itawaka vizuri kabisa kwa sababu inahitaji umeme kidogo, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika kwamba waya hauna tatizo.

Pima namna hii. Fimbo zote za gia ziwe huru, breki imefungwa, na kamba ya kuzimia injini imevutwa ili isiwake. Mtu mmoja akae kwenye kiti. Weka mita kwenye volti 20 za DC, waya mmoja wa mita kwenye kituo kidogo cha solenoidi, mwingine kwenye bodi, yaani chuma cha nje, ya stata. Azungushe ufunguo. Linganisha na volti za betri wakati uleule: tofauti ikizidi volti 1, ufuate ule waya kurudi kuelekea kwenye ufunguo. Pima mahali unapotoka swichi ya usalama, kisha unapoingia, kisha kwenye ufunguo. Pale volti zinaporudi ghafla, umeshavuka ugonjwa. Mara nyingi ni swichi ya usalama au kichwa cha waya kilichooza ndani ya plastiki yake. Badilisha hicho. Ukitaka kazi ya kudumu, funga rilei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) ya ampea 40: ufunguo na swichi ya usalama viamshe rilei tu, na rilei ipeleke umeme kwenye solenoidi kwa waya mpya wa milimita 4 za mraba, wenye fyuzi yake.

Siku stata itakapokufa kweli utaijua. Inazunguka kwa kelele lakini injini haigeuki: bendiksi, sehemu inayosukuma pinioni kwenye flaiwili, imekwisha. Inapiga "tak" moja nzito na kituo kidogo kina volti zote: kaboni au sahani za ndani ya solenoidi, na hivyo vinabadilishwa bila kununua stata nzima. Ukilazimika kuitoa, fungua kwanza waya wa betri unaokwenda kwenye bodi, na uurudishe mwisho. Angalia kwanza ni upi, maana trekta kadhaa za zamani za Kiingereza zenye dainamo zimefungwa chanya kwenye bodi. Hesabu meno ya pinioni, yalingane na ya ile ya zamani. Zungusha injini kwa mkono ukague meno ya flaiwili mzunguko mzima: silinda tatu husimama karibu sehemu zilezile tatu, na hapo ndipo yanapolika. Kwangua rangi pale stata inapokaa. Stata hizi zinapata erthi kupitia bodi yake, na zile kuukuu zinazopakwa rangi dukani ili zionekane mpya zinakataa kazi kwa sababu hiyo tu.

Sasa kijana wako. Hapana, asiendelee hata siku moja. Stata ya trekta hii iko ubavuni mwa injini, na mwenye bisibisi anasimama mbele ya tairi la nyuma. Bisibisi inairuka swichi ya usalama, kwa hiyo trekta itazunguka hata ikiwa kwenye gia. Dizeli ikishika haisubiri mtu aguse mafuta, inaondoka palepale, na tairi linafika kabla mtu hajageuka. Watu wanakufa hivyo. Wapo mafundi wanaokata nyaya za swichi ya usalama na kuziunga pamoja ili "isisumbue". Fundi wa hivyo ametengeneza kifo kinachosubiri siku mtoto atakapochezea ufunguo. Usimruhusu kugusa trekta yako tena.

Mkimaliza kazi, kaa kwenye kiti mahali tambarare pasipo mtu mbele wala nyuma. Kamba ya kuzimia iwe imevutwa, kanyaga klachi na breki, tia fimbo ya hai na lo (mwendo wa juu na wa chini) kwenye gia, kisha zungusha ufunguo. Trekta inatakiwa inyamaze. Ikizunguka, rudini kwenye swichi ya usalama kabla haijatoka uani.