Kabla ya kuandika malengo, jua shida ni ya nani

Nawaandikia wenzangu mnaoanza kazi ya ushauri nasaha, hasa nyinyi mliotoka mafunzo ya APS, yaani wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii, na mnapelekwa kwenye vituo vya afya hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Nawaomba jambo moja: mteja akikaa mbele yako, usikimbilie kujaza sehemu ya malengo kwenye fishi, ile fomu ya mteja. Kwanza jua shida iliyomleta ni ya nani, na yeye mwenyewe anaielezaje.

Mji wetu unajulikana duniani. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999, imetibu maelfu kwa maelfu ya wanawake waliobakwa, wengi wao wakati wa vita, na Daktari Denis Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa kazi hiyo. Najivunia hilo. Lakini linatufanya washauri tutarajie kusikia vita kutoka kila kinywa. Mama anasema tu kwamba alikimbia kutoka kijijini kwao, na kalamu imeshaandika “kiwewe”. Huenda ni kweli. Huenda pia kinachomnyima usingizi wiki hii ni shemeji anayetaka kumtoa kwenye kiwanja cha marehemu mumewe. Vita ameishi nayo miaka mingi, ila kesi ya kiwanja inaamuliwa Jumatatu.

Nitatoa mfano, nikiwa nimechanganya habari za watu kadhaa ili asitambulike yeyote. Mama mmoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni Kadutu alikuja akisema, “Muganga, kichwa inaniuma, na usiku silale.” Moyo nao ulikuwa unamwenda mbio. Nilianza kwa kumpeleka kwa muuguzi apimwe presha na malaria. Hatua hiyo usiiruke kamwe: mwili ukiwa mgonjwa, maneno yako matamu hayatautibu. Vipimo vilipotoka safi, nikamuuliza, “Mama, kati ya yote uliyoniambia, lipi linakusumbua kuliko mengine?” Kisha nikanyamaza. Swali hili limo katika tathmini ya PM+, msaada wa vikao vitano ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 2016 ili hata sisi tusio wanasaikolojia tuweze kuutumia.

Kichwa hakukitaja tena. Alitaja likelemba, mchango wa kikundi ambao kila mmoja hupokea kwa zamu. Zamu yake ya kupokea ilikuwa imepita, fedha zikaishia kwenye matibabu ya mtoto, na sasa alishindwa kuwachangia wenzake. Kwa aibu akaacha kwenda sokoni. Nikamwomba anipe namba, kuanzia 0 hadi 5, shida hiyo imemwelemea kiasi gani wiki iliyopita. Akasema 5. Nikauliza ni jambo gani limekuwa gumu kulifanya kwa sababu yake. “Kupita mbele ya meza zao.”

Nilipomuuliza anataka nini, alijibu kama wengi wanavyojibu: “Nataka nisahau.” Usiandike hilo. Kusahau hakupimiki, na hakuna anayeweza kumwahidi mtu kusahau. Nikauliza kwa namna nyingine: “Ukianza kupata nafuu, nyumbani nani ataona wa kwanza, na ataona nini?” Akafikiri kidogo. “Binti yangu. Ataona nimeamka saa kumi na moja nikaenda kuchukua sambaza kwa wavuvi.” Nililiandika hivyo hivyo, kwa maneno yake. Hatua ya kwanza ikawa kwenda kwa mama anayeshika likelemba na kumwomba alipe kidogo kidogo. Tuliyafanyia mazoezi maneno atakayosema mpaka sauti yake ikaacha kutetemeka.

Wapo pia wanaoletwa. Kijana anasukumwa mlangoni na mama yake: “Mwambie aache kanyanga.” Kuacha hiyo pombe kali ni lengo la mama. Msikilize kwa heshima, halafu mwombe asubiri nje. Kijana akibaki peke yake, muulize nani kasema aje, na yeye angependa nini kibadilike. Akisema anataka kazi, anzieni hapo. Pombe itajitokeza yenyewe mtakapozungumza kwa nini vibarua vinamponyoka asubuhi.

Kuhusu kujiua, uliza waziwazi: “Umewahi kuwaza kujitoa uhai?” Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Dodoso la PHQ-9, linalopima sonona, lina swali la namna hiyo mwishoni, la tisa, na nimeona washauri wakilipita haraka kwa kuona haya. Tafadhali, msifanye hivyo. Akiwa na mpango, malengo yote yasubiri. Asiachwe peke yake, apelekwe siku hiyo hiyo kwa wataalamu wa afya ya akili, kama wale wa SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili hapa Bukavu.

Na yako mambo tusiyoyaweza. Kesi ya kiwanja, kama ile niliyoitaja, inahitaji mwanasheria na shefu wa kartie, yaani kiongozi wa mtaa. Mwambie mteja hivyo mapema, kisha mtafute kile kilicho mikononi mwake.

Rudia kuuliza namba katika kila kikao. Yule mama alishuka hadi 3 tu, maana deni lilikuwa bado lipo, lakini sokoni alikuwa amerudi. Katika kikao cha nne akasema sasa anataka tuzungumzie mumewe aliyekwenda machimboni Kamituga na hajarudi. Sikumwambia kwamba hilo halimo kwenye malengo yetu. Tulianza upya: limemwelemea kiasi gani, limemshindisha kufanya nini, na akipata nafuu nani ataona.