Vijana wanaolinda mto hawahitaji tisheti nyingine

Huku Njoro, kaunti ya Nakuru, ikifika siku ya mazingira mwezi wa sita, mambo ni yale yale. Tenti, spika, mheshimiwa anapanda mti mmoja anapigwa picha, vijana wanapewa tisheti na cheti halafu kila mtu anaenda zake. Mimi niko kwa chama cha watumiaji wa maji na nimesaidia kupanga hizi sherehe, kwa hivyo kama wewe pia unataka kuheshimu vijana wa mto wa kwenu, haya ndiyo nimeona yanasaidia kweli.

Kwanza elewa uzito wa kazi yao. Mto Njoro unatoka juu Mau Mashariki, unapita mashambani, unapita karibu na chuo cha Egerton, unashuka hadi Ziwa Nakuru, na lile ziwa halina mto unaotoka, yaani chochote tukitupa huku juu kinaenda kukaa huko chini na flamingo. Vijana wanatoa mifuko na nepi kwa maji, wanapanda mianzi ukingoni, hiyo watu wanapenda. Shida huanza wakimwambia mtu anayelima mpaka kwa maji arudi nyuma. Sheria za ubora wa maji za 2006 ziliweka mita 6 hadi 30 kutoka pale mafuriko hufika, lakini hebu fikiria msichana aliyemaliza fom foo juzi akimsomea hiyo sheria mzee wa rika la babake. Atafukuzwa, na pengine mamake ataulizwa kwa soko mbona hakumfunza adabu.

Hapo ndipo heshima inahitajika. Enda nao. Sisi tulianza kutuma mzee mmoja wa kijiji na mama mmoja wa kamati, wanaketi na mwenye shamba, wanakunywa chai, wanaongea ya mvua na ya mahindi, ndipo vijana wanatoa tepu wanapima. Mzee akiona mzee mwenzake anasikiza. Si wote, lakini wengi wamekubali kutoa mikaratusi na kupanda miti ya kienyeji.

Na kama kuna mtu anamwaga maji machafu mtoni, barua ya kwenda NEMA, ile mamlaka ya taifa ya mazingira, iandikwe kwa jina la chama, ipigwe mhuri, isiende kwa jina la kijana mmoja. Tafadhali pia msiweke sura zao Fesibuku siku ya sherehe ati mnawapongeza. Profesa Wangari Maathai alipigwa akitetea msitu wa Karura 1999, Nobel ikaja 2004, na yeye tayari alikuwa anajulikana duniani kote. Kijana wetu hajulikani na mtu, akiguswa nani atauliza? Pia wafundisheni kifungu cha 70 cha katiba, kinachosema unaweza kwenda kortini juu ya mazingira bila kuonyesha kwamba wewe ama mtu mwingine amepata hasara, wengi hawajawahi kuambiwa.

Kule Albania kuna mto unaitwa Vjosa, Besjana Guri na Olsi Nika walipigania usijengwe mabwawa, wakiwa na wanasayansi na wenyeji. Mto ukawa mbuga ya taifa Machi 2023, tuzo ya Goldman, ile ya watetezi wa mazingira, wakapewa 2025. Mimi huo mpangilio naupenda sana, mto kwanza halafu tuzo.

Pesa nayo tusione haya kuitaja. Nauli, lanchi, gambuti, glavu. Wakiwa na kitalu nunua miche kwao kwa bei ya kawaida, usiombe ya bure ati ni kazi ya kujitolea.

Cheti wapeni, sawa, lakini kiandikwe kazi yenyewe, kwamba huyu amesimamia kitalu, huyu ameongoza upimaji wa ukingo, na jina la mtu wa kamati anayeweza kupigiwa simu kuthibitisha, juu wengi wao wanatafuta kazi na hiyo ndiyo karatasi watabeba kwa intavyu.